Mjukuu Ndani ya Kioo

Kila nyumba yenye askari vitani ng'ambo imepewa kioo na serikali. Kila Ijumaa mjukuu wangu Mwinjuma hutokea humo, kanenepa, mashavu yanang'aa. Waziri husema vijana wetu huko wanakula kuku tu.

Leo nikamchokoza: "Mume wangu, umeoa huko ukanisahau?"

Tangu utotoni utani wetu ndio huo. Mwinjuma nimjuaye angenijibu papo hapo kwamba kizee kisicho na meno hakimfai.

Huyu akatabasamu kwa adabu. "Bibi, mimi si mume wako, ni mjukuu wako. Tunashinda vita."

Mama yake akapiga vigelegele. "Umemsikia, mama? Wanashinda!"

Nikamwitikia. Alipokwenda jikoni kuepua wali, nikakiinamia kioo, nikanong'ona: "Nyie, mjukuu wangu mmempeleka wapi?"

Kikatabasamu, kikaniamkia upya: "Shikamoo, bibi."