Mteja wa Pili

"Mama, hebu simama katikati," dereva alisema, simu ameielekeza kwangu.

Kila tuliposimama jangwani alitakiwa anipige picha na kuituma ofisini, ili wakala wa safari wajue mteja amefika salama. Hiyo ilikuwa siku ya nne.

"Mbona nipo katikati?"

"Njoo ujionee mwenyewe."

Kidole chake kilikuwa kikavu, kimepasuka, na vumbi limejaa kwenye ufa. Kwa kidole hicho akazisukuma picha moja moja. Kisimani, nimesimama pembeni. Mlangoni mwa ngome, pembeni. Kwenye miamba, pembeni tena, mkono nimeukunja kama niliyeshika kiwiko cha mtu. Ubavuni pangu, katika kila picha, pamebaki nafasi ya mtu mmoja.

"Ofisini wamepiga simu," alisema, macho kwenye matairi. "Wanauliza mteja wa pili mbona haonekani. Fomu inasema watu wawili."

Safari hii tuliipanga pamoja, mimi na mume wangu. Nilimzika mwezi wa tatu. Nyumbani wananisema nina moyo wa jiwe, maana sijatoa chozi mpaka leo. Wakala sikuwaambia. Dereva naye hakuniuliza kitu; kila asubuhi aliweka chupa mbili za maji kwenye kiti cha nyuma.

"Waambie huyo wa pili ndiye anayepiga picha," nilisema.

Nikarudi kusimama palepale, nikakunja mkono.

Dereva akainua simu. Hakuniambia nisogee.