Mashimo ya Uani

Siku mashine mpya ya michezo ilipozinduliwa, kila nyumba ilitakiwa kusalimisha michezo yake yote, maana sheria sasa inatambua mchezo wa ndani ya mashine tu. Binti yangu Raya aliisubiri miezi minane, akichora siku ukutani kwa mkaa.

Ofisa wa mtaa alituletea mashine yetu, kisha akabeba bao la marehemu mama yangu pamoja na kete zote.

"Usijali, Mama Raya," aliniambia. "Bao limo humo, tena linajicheza lenyewe."

"Na mimi nikae nalitazama?"



Alipoondoka nilichukua mwiko wa ugali, nikatoka uani, nikachimba mashimo thelathini na mawili. Kokoto zimejaa kwangu. Akizitaka, aje na lori.

Raya alisimama mlangoni, mashine ikiwaka nyuma yake. Nilidhani angerudi ndani. Akaja kuchuchumaa mbele yangu.

"Mama, naanza mimi."

Tulikuwa katikati ya mchezo mashine ilipouliza kutoka sebuleni, kwa sauti ya upole, nani anaongoza. Raya alinitazama, kisha akala kokoto zangu sita bila kuijibu.