Kufuli la Moyo

Siku ile mjinga nilikuwa mimi, kumpeleka mke wangu ufukweni Bukoba akaone boti yangu ya matembezi isivyoibika. Siku hizi kila kufuli husikiliza mapigo ya moyo, na humfungulia yule tu anayekipenda kitu kwa dhati. Mwizi atahangaika na injini mpaka achoke.

Nikagusa kidogo tu, injini ikaunguruma kwa furaha.

Mama Koku akaikagua boti, viti hadi nanga, kama mke mkubwa aliyeletewa mdogo. "Hongera. Mmependana."

"Chombo tu hiki, mama! Wivu wa nini?"

"Mlango wa nyumbani una kufuli hilohilo, Baba Koku. Mbona kila jioni unapiga hodi?"