Mwanamke wa Mtoni

"Ni kweli, nina mwanamke. Yuko Mtoni, anaitwa Benedicta," alisema Gervas, macho kwenye zulia.

Walikuwa wamekaa sebuleni kwao, Madale. Editha alikuwa ameukuta ujumbe kwenye simu ya mumewe: "Usikose Alhamisi. Benedicta." Alijiandaa kwa mume atakayekana mpaka jasho limtoke, huyu amekiri kabla hajabanwa. Kukiri kwenyewe kulimuuma kuliko kosa.

Mjomba wa Editha, mzee Leonardi, aliyeitwa kusuluhisha, alikohoa. "Ugoni una faini, mwanangu. Atatoa mbuzi, yaishe. Kwetu ndoa haivunjwi na mwanamke wa nje. Inavunjwa na uchawi au wazimu, ndo maana tuliuliza habari za ukoo wake kabla ya kupokea posa."

Gervas alimkubali mbuzi upesi, karibu kwa furaha.

Mbuzi aliliwa, wivu ukabaki. Usiku Editha alimtazama mumewe anavyolala fofofo, mwanamume ambaye mwaka jana alikuwa akizunguka sebuleni hadi alfajiri. Bia ameacha. Mashavu yamejaa. Nani kamnenepesha? Yeye kampikia miaka yote hiyo na mkanda haukuongezeka hata tundu moja. Alimchukia huyo Benedicta kwa mapishi yake kuliko kwa kitanda chake.

Alhamisi ya kwanza ya mwezi, siku ambayo Gervas huenda Mtoni, Editha alimfuata kwa mbali. Gervas aliingia kwenye nyumba kubwa yenye geti la bluu, akakaa kidogo, akatoka anapiga mluzi. Mluzi huo ulimkata Editha maini. Alisubiri apotee kona, ndipo akagonga.

Aliyefungua alikuwa na mvi na kandambili, umri sawa na wa mama yake. Matusi yote Editha alikuwa nayo tayari, lakini shikamoo ikamtoka bila ruhusa.

"Marahaba. Karibu, mie ndo Benedicta."

"Na mie ndo mke wa Gervas. Nimekuja kukiona hicho chumba chenu."

Benedicta hakukasirika. Alimtazama kwa huruma, na huruma hiyo ilimchefua Editha kuliko kiburi. Walipita ukumbini, wanaume wawili wakicheza drafti bila kuinua vichwa, hadi mlango wa mwisho.

Ndani palikuwa na kitanda kimoja chembamba. Godoro lilikuwa bado na nailoni ya dukani.

"Mnalala hapa?" Editha aliuliza. Sauti yake ilianza kupungua.

"Hakuna aliyewahi kukilalia. Mie ni nesi, sindano yake ya akili ya kila mwezi namchomaga kule barazani, anaondoka," alisema Benedicta. "Chumba alikiomba mwenyewe, mwanangu, apate pa kukaa siku mtakayojua anaumwa nini mkamfukuza."