Mtu Anayewahi

"Kazi ije ikukute mzima, baba watoto," mkewe alimwambia, akawa anamtoa kitandani kila alfajiri akatembee. Dereva alitii huku akinung'unika, mwezi wa nne sasa bila usukani.

Leo mlinzi wa kiwanda alimsimamisha getini. "Shemeji yangu kapata udereva hapa. Walitafuta mtu wiki nzima."

"Wiki nzima? Na mimi dereva napita hapa kila siku?"

Mlinzi akaduwaa. "Unapita mbio, ndugu yangu. Hata salamu unanirushia tu. Nikajua unawahi kazini."

Dereva akainama, akafunga upya kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka. Jasho likamdondoka puani. Kisha akaketi kwenye benchi la mlinzi.

"Sogea. Kuanzia leo matembezi yangu yanaishia hapa."