Mashua Siku ya Umuganda

Komeo lilisukumwa kutoka nje, na Rugamba akabaki gizani, amelala chali ndani ya mashua iliyowekwa juu ya matairi mabovu, uani kwa mtu, huko Busanza. Maji ya karibu kuliko yote yalikuwa ya ndoo, pale mlangoni kwa jiko.

Hakutekwa. Aliingia mwenyewe, kwa miguu yake.

Alikuwa amefika asubuhi mapema, kabla barabara hazijafungwa. Ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya umuganda, kazi ya pamoja ya lazima, na kila mwenye mikono alitakiwa kuwa nje na jembe, mtaani kwake. Jirani zake wa Batsinda aliwaambia anakwenda kulima kwa ndugu. Mkewe, Épiphanie, alikuwa amelala kwa dada yake huko Kanombe tangu jana, kwa hiyo nyumbani hapakuwa na wa kumuuliza.

Mwenye mashua aliitwa Rodney, dereva aliyekulia Uganda. Mbelgiji aliyekuwa akimwendesha alipohama nchi alimwachia chombo hicho kama asante, na kwa kuwa Rodney hajui hata kuogelea, kikabaki chini ya turubai, kuku wakikilalia.

Rugamba hakuwa na pupa. Aliizunguka mashua akigonga mbavu zake kwa kifundo cha kidole, akisikiliza wapi mbao zinajibu na wapi zinanyamaza. Alichokoa mkuku, ule mti wa chini unaobeba chombo chote, kwa kisu kidogo, kisu hakikuzama. Mlingoti ulikuwa mzima. Tanga lilinuka panya, na usukani umekosa bawaba moja. Hayo yanatengenezeka.

"Mashua iko muzima, muzee," Rodney alisema. "Mtaenda wangapi?"

"Mmoja."

"Na mama?"

Rugamba alichekea puani. Akamweleza kwamba Épiphanie na maji hawasalimiani. Hata mtumbwi wa kuvuka mto hapandi. Akamweleza pia, kwa kuwa mgeni huambiwa yasiyoambiwa ndugu, jinsi nyumba ilivyombana tangu astaafu. Alizoea malori, Mombasa mpaka Bujumbura, na kulala popote usiku unapomkuta. Sasa ni viatu viache pale, redio punguza, unakwenda wapi, unarudi saa ngapi. Mashua hii angeipeleka Karongi, aishi juu ya Ziwa Kivu, na asubuhi asiulizwe kitu na mtu. Wala hakuitafuta. Aliazima simu ya mkewe aangalie bei ya saruji, tangazo la mashua likajileta lenyewe kwenye kioo. Akaikariri namba, akarudisha simu, uso mkavu.

"Kumbe unakimbia nyumba," Rodney alisema.

"Sikimbii. Natoka."

Hawakuwa wamepeana mikono bado filimbi ilipolia njiani. Mkuu wa mudugudu, kiongozi wa mtaa, alikuwa akipita nyumba kwa nyumba kuwatoa waliojificha. Rodney alibadilika rangi. Akinikuta hapa na mgeni tunauziana vitu, alisema, nitasimamishwa mbele ya mkutano wa baada ya kazi kama mwizi. Akamwonyesha Rugamba kijimlango cha sakafuni mwa mashua. Ingia, kagua na sakafu ya chini, nitakufungulia kazi ikiisha. Kisha akafunga komeo, akarudisha turubai, akachukua jembe, akaenda.

Mwanzoni Rugamba alikagua kweli. Alipapasa kwa viganja kila kiungo cha mbao, akanusa pembe zote. Hakuna unyevu, hakuna mchwa. Kadiri alivyopapasa ndivyo alivyozidi kuitaka. Hata akajiona yuko majini, kamba mkononi.

Halafu jua likapanda juu ya turubai. Hakuweza kukaa, dari ilimgusa paji la uso. Hakuweza kugeuka, mabega yalikwama. Kila pumzi aliyoitoa aliivuta tena ile ile, ya moto. Nje alisikia majembe, vicheko, baadaye kimya cha watu wanaohutubiwa. Umuganda umekwisha, mkutano umeanza, na Rodney yuko mkutanoni. Rugamba alijifariji kwamba hili ndilo komeo la mwisho maishani mwake.

Lango likalia. Walikuwa wanawake wawili. Mmoja alikuwa Béatha, mke wa Rodney, aliyetoka asubuhi hata kabla Rugamba hajafika, asijue kuna mtu humu. Mwingine alikuwa mgeni. Kupitia mbao na turubai sauti zao zilifika zimevimba, kama za watu wanaoongea ndani ya mtungi. Béatha alikuwa akimwomba radhi mgeni kwamba bwana bado yuko mkutanoni, lakini kutazama kwa nje hakukatazwi.

Mgeni aligonga ubao, karibu kabisa na sikio la Rugamba. Akauliza kama mashua inavuja. Akauliza tanga lina matundu mangapi. Mtu anayejua anachotaka.

Rugamba akapima moyoni. Akipiga kelele, atamtisha mwenye nyumba na mtaa mzima utakuja. Akinyamaza, mashua inakwenda.

Béatha alisema kuna muzee mmoja aliyepiga simu, ila wa kwanza kutoa mkono ndiye mwenye mali. Mgeni akasema mkono wake huu hapa.

Rugamba akainua ngumi ili agonge.

"Mzee wako amekubali?" Béatha aliuliza.

"Atasikia nikishafika majini."

"Haya. Nimwambie bwana nani amechukua?"

"Épiphanie, wa Batsinda. Na kwenye picha nimeona ndani kuna vitanda viwili. Kimoja mking'oe."