Bando la Kanga

Bisha kama una ubavu, lakini Twiga aliwahi kuuza mawasiliano ya pori zima. Kwa shingo ile alipokea ujumbe huku na kuupaza kule, bando la siku kibaba cha mtama. Aliyepayuka bila bando alikula teke. Wenye watoto wa kulisha wakanyamaza.

Asubuhi moja Kanga, mbea asiye na mfano, akamwona Simba akimnyatia Twiga kwa nyuma. Akatoa macho, mdomo kaufumba.

"We Kanga, unanikodolea nini?"

"Nina habari yako, bosi, ila bando limekata."

"Nunua jingine!"

"Kwa mtama upi? Si umeula wote?"

"Basi kaa na umbea wako!"

Hapo hapo Simba akaruka. Twiga akajiokoa kwa mateke, lakini nusu ya mkia ilibaki mdomoni mwa Simba.

Akiuguza kisiki chake, Twiga akashusha bei mpaka punje moja. Leo hata Fuko anapiga soga hadi anasahau kuchimba, na Twiga ananenepa kuliko zamani.

Haya, kuna kipande nilikiruka: bando la Kanga lilikuwa halijaisha.